Baruti Amepoa

Asubuhi ile Baruti aliapa mambo mawili, na yote mawili aliyaapa kwa sauti iliyofika hadi dukani kwenye kona. La kwanza, chai ya mkewe hainywi tena. La pili, mkono wa mkewe usimguse tena, si leo, si kesho, mpaka siku atakapooshwa maiti. Mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichagua mchele, alimtazama juu ya ungo wake. "Baba, ukiapa hayo yote kabla hujala, mchana utabaki na nini cha kusema?" Lakini Baruti alikuwa ameshatupa mfuko wa spana begani na kutoka kwenye manyunyu.

Jina la Baruti alipewa na mafundi wenzake, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuwa fundi bomba mwenye mkono mzuri na mdomo mbaya. Kisa cha asubuhi hiyo kilikuwa ovaroli yake ya mpira, ile inayopanda hadi kifuani, ambayo huivaa akiingia kwenye maji. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amemwazima mdogo wake wa kiume anayechimba mchanga mtoni. Mdogo mtu akamwazima rafiki yake. Rafiki akahama mji, na ovaroli ikahama naye. Mshonaji hakusema kitu kwa mumewe. Alitumaini itarudi kabla haijatafutwa. Sasa ilikuwa imetafutwa.

"Si umwazime na mimi mwenyewe basi, anivae!" Baruti alikuwa amefoka.

"Nimekosa, baba," mkewe alisema. Alisema hivyo mara ya kwanza, akasema mara ya pili. Mara ya tatu alichoka kukosa, akamwambia kwamba mtu anayependa mpira kuliko ndugu za mkewe angeoa mpira akamaliza. Hapo ndipo viapo vilipotoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuziba ufa katika tangi la chini ya ardhi, uani kwa nyumba moja ya wageni. Mdomo wa tangi ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu mmoja akiwa amekunja mabega. Pampu ya kutolea maji ilikuwa imekufa, kwa hiyo maji yalibaki ya kufika kifuani, na ufa ulikuwa chini yake. Mji ule uko mlimani, na huo ulikuwa msimu wa ukungu, watu wanatembea mikono kwapani. Maji ya tangi hayakuwa yameonana na jua tangu yalipoingia mle.

Baruti aliingia na kaptula na shati. Fundi mwenye akili zake angetoka kila baada ya muda, akakaa karibu na moto, kisha akarudi, na Baruti alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mle ndani alikuwa akigombana na mkewe, na ugomvi ukiwa mtamu mtu hatoki. Kila alipobandika saruji ukutani alimjibu neno moja. Alimwambia yote aliyosahau kumwambia asubuhi, na tangi lilimrudishia sauti yake kubwa zaidi, naye akaona kweli ana haki.

Kisha maneno yakaanza kumpotea. Alilitafuta tusi alilokuwa nalo sasa hivi, asilione. Mwiko ulimponyoka, akauokota kwa miguu, ukamponyoka tena. Meno yalikuwa yakigongana, lakini kwa mbali, kama meno ya mtu mwingine. Hasira ilimtoka taratibu, na mahali pake pakaingia utulivu ambao hakuwahi kuujua tangu utotoni. Alidhani amemsamehe mkewe. Tusimcheke, hata mimi ningedhani hivyo.

Alipomaliza kazi alipanda ngazi kwa viwiko, maana vidole vilikuwa vimegoma. Jikoni kwa nyumba ya wageni kulikuwa na majiko manne yanawaka. Aliomba asimame hapo kidogo, na ombi lake lilitoka limesagika mdomoni.

"Fundi," alisema msimamizi, akiangalia miguu yake na si uso wake, "vigae vimepigwa deki sasa hivi. Pitia nyuma, tafadhali."

Siku nyingine yoyote, sentensi ile ingemgharimu msimamizi utu wake mbele ya wapishi. Baruti alisema, "Haya." Akageuka, akapitia nyuma. "Haya" ile peke yake ilitosha kuuogofya mtaa mzima, lakini hakuna wa mtaani aliyekuwepo kuisikia.

Alitembea na nguo mbichi kwenye upepo. Mguu wa kulia ulikuwa ukikwaruza chini, na kwenye kona alijigonga kwenye nguzo, akaiomba radhi. Muuza duka alimwona, akacheka na mteja wake. "Huyo vipi leo, kalowa au kalewa?" Mteja akajibu kwamba yote mawili, na wote wawili wakaona wamesema jambo la kuchekesha sana.

Nyumbani hakupiga kelele tangu getini kama kawaida yake. Alikaa kwenye benchi la barazani, maji yakimchuruzika, upepo ukimpiga ubavu mmoja. Mkewe alikuwa ndani kwenye cherehani, akikimbizana na kola za sare za shule. Alisikia geti, akakaza mguu kwenye pedeli. Alishajipanga: akisema moja nitamjibu moja, akinyamaza nami nimenyamaza, tuone nani atashindwa.

Mama mtu, ambaye macho yake yameanza kuona ukungu hata siku ya jua, alisogea mlangoni.

"Umerudi, baba?"

"Mmh."

"Kazi imekwisha?"

"Ma... maji," alisema Baruti.

Mama alingoja kufoka. Alijua kufoka kwa mwanawe kama mtu anavyojua mlio wa mlango wake, na hakukusikia. Moyo wake ukafurahi. Aliingia ndani kwa kunyata, kama aliyefanikiwa kumlaza mtoto mchanga.

"Mwanangu," alimnong'oneza mkwewe, "mwenzio amepoa."

"Amepoa?"

"Kabisa. Hata kunijibu kanijibu kwa upole. Usimchokoze."

"Basi apoe vizuri," alisema mshonaji bila kuinua uso. "Akae hukohuko nje, apoe mpaka ndani."

Ni neno letu zuri hili, kupoa. Homa ikishuka, mgonjwa amepoa. Hasira zikiisha, mtu amepoa. Kijana ukimuuliza hali anakujibu poa, na wewe unaridhika. Tumelipenda hadi tumesahau kwamba chuma kikitolewa motoni nacho hupoa, na kwamba kuna kupoa kusiko na heri hata chembe. Wanawake wawili wenye akili timamu walikaa ndani wakishukuru, mmoja kwa sauti na mwingine moyoni, huku mtu wao akipoa nje ya mlango.

Wakati huo akaja shemeji mtu, yule mchimba mchanga, amebeba pole ya maneno matupu kwa kuwa ovaroli hakuipata. Alisimama mbali kidogo na benchi, umbali wa kuwahi kukimbia.

"Shikamoo, shemeji. Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu, dada hana kosa."

Baruti alimtazama muda mrefu. Kisha akatabasamu, tabasamu la upande mmoja, lisilo na mwenyewe. Shemeji hakuamini bahati yake. Alisogea haraka, kabla bahati haijabadili mawazo, akanyoosha mkono. Mkono wa Baruti ulikuja polepole, ukapita pembeni, ukarudi, ukaangukia ndani ya wake.

Shemeji aliingia ndani na viatu, kwenye sakafu ambayo dada yake alikuwa hajaruhusu kiatu tangu isuguliwe.

"Dada, shemeji amepoa."

"Nimeambiwa."

"Dada."

"Nimesikia, amepoa, Mungu ashukuriwe. Vua viatu."

"Nimemshika mkono, dada. Sisemi hasira. Amepoa. Amepoa kama chai iliyosahauliwa."

Cherehani ikanyamaza.

Mshonaji alitoka barazani, akasimama mbele ya mumewe. Alinyoosha mkono, ukamsimamia hewani. Alikuwa bado na hasira zake, na kiapo cha asubuhi bado kilikuwa masikioni. Mtu ukiambiwa usiguse, hata kama ni wako, unasita. Aliona midomo yake imepauka, imekuwa kama ya mtu aliyekula majivu. Aliona mabega yanatetemeka ndani ya shati, na vidole vinahangaika na kifungo, vinakizunguka, vinakikosa, vinakizunguka tena, kwa subira ya kutisha. Baruti hakuwa na subira ya vifungo. Baruti alikuwa akivua shati kwa kulivuta kichwani.

Akamgusa shavu. "Mama!" alipiga kelele, na haikujulikana anamwita mama yake aliyekwishakufa au huyu wa mumewe. "Huku si kupoa, huyu anakufa!"

Walimwingiza ndani, na kila mtu akafanya jambo la mapenzi na la makosa. Mama mtu alikaa miguuni, akaanza kumsugua nyayo kwa mafuta, akisugua kwa nguvu zake zote za uzee. Mshonaji alimwaga maji ya moto ya birika kwenye beseni ili wamtumbukize miguu. Shemeji alikimbia kumwita nesi wa nyumba ya tatu, na njiani alipitia kwake kuchukua chupa yenye kitu chake cha kujichangamshia, na jiko la mkaa lililokuwa tayari linawaka. Alirudi akiwa amebeba vyote viwili kama mtu aliyeokoa mali kwenye moto.

Nesi hakuwa zamu. Alikuwa akifua, na aliingia na mapovu hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo bibi toa mikono hapo," alisema, vyote kwa pumzi moja.

"Marahaba... nitoe?"

"Toa, bibi yangu. Damu ya miguuni sasa hivi ni ya baridi. Ukiisugua unaiita ikimbilie moyoni na ubaridi wake. Tuanze katikati. Moyo ukipata joto, miguu itapelekewa fungu lake." Akageuka. "Na hilo jiko, nje! Chumba kimefungwa, unataka hewa ya mkaa ituue sote tumsindikize? Na hiyo chupa?"

"Ya kumchangamsha," alisema shemeji.

"Itamchangamsha ngozi, imwibie joto la tumboni. Kainywe kwako. Na wewe mama, maji hayo usimtumbukize mtu kama kuku wa kunyonyolewa. Tia kwenye chupa, uzivishe kitambaa. Kwanza tumvue hizi nguo mbichi. Mlazeni, msimvute, mgeuzeni taratibu kama yai."

Shati lilikuwa limemganda mwilini. Mshonaji aliona wakati unapotea kwenye vifungo, akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Lilikuwa shati alilolishona mwenyewe, mishono miwili miwili kila upande kwa sababu mvaaji wake hachoki kurusha mikono. Alilikata kuanzia kwenye pindo hadi kwenye kola.

"Shati zima!" alisikitika mama mtu.

"Nitashona jingine, Mama."

Walimkausha kwa kumgusagusa, bila kumsugua. Walimvisha kofia ya sufu. Walimfunika blanketi na shuka, na juu yake mshonaji akatandika sare za watu zilizokwisha na zisizokwisha, sweta thelathini za shule isiyomhusu. Chupa mbili za maji ya moto zilizovishwa vitambaa ziliwekwa makwapani. Nesi alimtia kipimajoto, akakitoa, akakitikisa, akakitia tena. Hakikutoa namba. Kiliandika herufi mbili tu, za kusema kwamba joto la huyu mtu liko chini ya pale kinapoanzia kusoma.

Alipiga simu kituoni. Wakamwambia gari la wagonjwa liko ng'ambo ya mto, na mto umefurika. Kwa kuwa mgonjwa anajibu na anameza, waendelee kumpasha joto nyumbani, wasimwache hata kidogo, na akipoteza fahamu aletwe kwa chochote chenye magurudumu. Nesi alirudia maneno hayo kwa wote, neno kwa neno, ili asije akabaki nayo peke yake.

Na hapo ndipo mtetemeko ulipokuja wenyewe. Barazani ulikuwa wa mabega. Sasa ulimshika mwili mzima. Kitanda kikaanza kugonga ukuta. Kijiko kilicholala kwenye sahani kikaanza kuimba. Kwenye chumba cha pili, sindano za cherehani zikalia ndani ya kopo lake.

"Mshikeni miguu!" alilia mama mtu. "Kifafa hicho! Mshikeni atulie!"

"Mwacheni," alisema nesi. "Bibi, mwache atetemeke. Hicho si kifafa, huo ni moto. Mwili umeishiwa kuni, sasa unajipiga wenyewe upate cheche. Mimi nitaogopa akiacha kutetemeka kabla hajapata joto."

Walisimama wakamtazama. Ilikuwa ajabu, na waliiona ajabu hiyo wote wanne. Mtu mwenyewe hakuwepo; macho yalikuwa yameenda mbali na mdomo umelegea. Lakini kuna kitu ndani yake kilikuwa hakijaambiwa kwamba mwenye nyumba katoka. Kilifanya kazi. Kilishika kila nyama, ya paja, ya taya, ya mgongo, kikaitikisa, kikasema amka, leta ulichonacho. Hakuna aliyekifundisha, hakuna aliyekiomba. Shemeji, ambaye hakuwa mtu wa kuwaza sana, aliushika mkono wake mwenyewe akauangalia, kana kwamba ndiyo kwanza aambiwe kuna nani anaishi humo.

"Mungu wangu," alisema mama mtu, polepole. "Nilimzaa mimi, na sikujua ana hiki."

Maji ya moto yalikuwa hayo ya birika moja, gesi ilikata ndimi zake za mwisho wakati wa kuchemsha chai, na jiko la shemeji lilikuwa limezimwa na manyunyu huko nje. Nesi aligusa kifua cha mgonjwa, akatikisa kichwa.

"Chupa hizi zinasaidia, lakini zinapoa. Anatakiwa mtu. Ngozi kwa ngozi, ndani ya blanketi hilohilo, kifua kwa kifua."

Kuna mambo ambayo mume na mke wanayafanya miaka na miaka, na bado ukiyataja mbele ya mama mkwe na shemeji, kila mtu anatafuta pa kuweka macho. Shemeji alitafuta dari.

"Mimi ni mama yake," alisema mama mtu, akaanza kuvua shali. Nesi alimshika mikono.

"Bibi, wewe mwenyewe ni wa kufunikwa."

"Basi mimi..." alisema shemeji. "Kama hapana budi..."

"Aaa," alisema Baruti kutoka kitandani. Ilikuwa kauli yake ya kwanza iliyoeleweka tangu aingizwe ndani, na wote wakacheka, cheko la watu walioko karibu kulia.

Mshonaji hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe na kumwona mtu mwingine. Kazi hii alishaifanya mara moja. Mtoto wao wa pekee, ambaye leo ana ndevu na anaendesha lori nchi za jirani, alizaliwa njiti, mwepesi kama kitambaa cha kufunikia mkate, na alimbeba wiki baada ya wiki ndani ya blauzi yake, ngozi kwa ngozi, maana mwili wa mtoto ulikuwa haujui kujipasha joto. Baruti alikuwa akisimama mlangoni mwa wodi, akiogopa hata kupumua. Mshonaji alidhani dawa ile ni ya watoto tu. Hakujua kwamba mtu mzima wa kilo themanini, mwenye deni la maneno na mkewe, anaweza kurudi kuwa mdogo kiasi kile kwa mchana mmoja.

"Mama, geuka," alisema.

"Nigeuke nini, mimi nimeona mangapi," alisema mama mtu, lakini akageuka. Shemeji alikuwa ameshatoka zamani.

Aliingia chini ya blanketi, akamkumbatia. Baridi yake ilimpiga tumboni akakosa pumzi. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa baridi hivi na bado akawa anapumua; ilikuwa kama kukumbatia ukuta wa kisima. Mtetemeko ukamwingia, ukamtikisa meno, naye akamshika kwa nguvu zaidi. Alitaka kumwambia pole, na alitaka kumwambia mjinga, na akaona yote mawili ni neno moja.

Kisha akausikia moyo wa mumewe. Ulikuwa pale chini ya ubavu wa baridi, ukidunda taratibu, bila haraka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Kwa miaka mingi alikuwa amelala kando ya moyo ule bila hata siku moja kuusikiliza. Sauti ya mdomo ilikuwa kubwa mno. Sasa mdomo umenyamaza, na moyo ulikuwa ukisikika peke yake, na mshonaji akastaajabu kwamba kitu kidogo kile ndicho kilichokuwa kikibeba makelele yote yale.

"Huyu ni nani?" nesi alimuuliza mgonjwa, akiinama. Alikuwa akimjaribu akili.

Baruti alifikiri. "Mwenye tangi," alisema.

"Mwacheni," alisema mshonaji, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye mwenye tangi. Nileteeni chai."

Walimwinua kichwa kidogo. Chai ilikuwa vuguvugu, na sukari ya kusimamisha kijiko. Mshonaji alimshikia kikombe, na Baruti akanywa, tone kwanza, kisha funda, nesi akimtazama koo kuhakikisha inapita inakotakiwa. Mtu aliyeapa asubuhi hakuwepo kupinga. Alikuwepo mtu mwenye kiu ya joto tu, akinywa kutoka mkono uliopo.

Joto halikuja kwa kishindo. Lilimjia kama maji yanavyorudi kwenye bomba lililokaa kavu, kwanza hewa, kisha tone, kisha tone. Baruti alianza kujijua akiwa na maumivu kwenye vidole, naye akashangaa kuwa na vidole. Baadaye alijua kwamba mahali fulani katikati yake pana moto, mdogo, na kwamba moto huo haukuwa wake wote. Nusu ulikuwa ukitoka upande wa pili wa ngozi, ukivuka. Alijaribu kukumbuka alikuwa na ugomvi gani na upande ule. Akakumbuka. Akaukumbuka wote, ovaroli na mpira na viapo, na vilionekana vidogo mno kwa mbali, kama vitu vilivyoachwa chini ya tangi.

Mtetemeko ulianza kupungua. Nesi alisimama ghafla, uso umemkaza, akamtia kipimajoto. Mama mtu alisogea, akamshika nesi kiuno bila kujijua. Walikuwa wakingoja kuona kama moto umeshika au umezimika, na kwa nje mambo hayo mawili yanafanana.

Kipimajoto kikalia. Kilitoa namba.

Nesi aliisoma mara mbili, kisha akakaa juu ya rundo la sare kwa uzito wa mtu aliyesimama siku nzima. "Amerudi," alisema. "Bado kuna safari kidogo, lakini amerudi." Mama mtu alipiga magoti pale alipokuwa, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. Alikaa hivyo muda mrefu, akishukuru bila maneno. Shemeji alichungulia mlangoni, akaona kila mtu analia, akadhani vinginevyo, naye akaanza kulia kwa sauti mpaka alipofinywa na nesi.

Walikaa naye. Chai ya pili ilipita, na mkate. Rangi ilirudi midomoni, na uso ukaanza kuwa wa mtu anayejulikana. Nje manyunyu yalikuwa yamekatika, na jua la alasiri lilikuwa limepata ufa kwenye ukungu. Nesi alipima tena, akatabasamu, akaanza kushusha mikono ya gauni lake.

"Huyu ni nani?" alimuuliza kwa mara ya mwisho.

"Mke wangu," alisema Baruti. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini kila herufi ilikuwa mahali pake.

"Vizuri. Basi, mama, unaweza kutoka sasa. Ameshapata joto lake mwenyewe. Funika tu, na asisimame mpaka nimuone jioni."

Mshonaji alianza kukusanya ncha ya blanketi ajisitiri. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa, na kola za watu zilikuwa zikimngoja, sweta zote zimekunjamana. Aliinua kiwiko. Hapo mkono ukatoka chini ya sare, mkono mzito, wa moto sasa, ukamshika kifundo cha mkono.

"Usitoke," alisema Baruti. Alikuwa akitazama dari. Matone ya jasho yalikuwa yamejipanga juu ya mdomo wake na kwenye paji lote la uso. "Bado nasikia baridi."

"Baridi gani?" nesi alishangaa, akiinua kipimajoto kwenye mwanga. "Mbona hapa inasoma—"

"Nesi," alisema mama mtu. "Tia hicho kipimo mfukoni."

Nesi alitazama mmoja, akatazama mwingine, akakitia mfukoni. Mshonaji alimwangalia mumewe, mtu mzima anayetokwa na jasho na kudai baridi, na ambaye hakuwa na njia nyingine ya kulisema jambo lake. Alijilaza tena, akajivutia blanketi hadi shingoni.

"Haya," alisema. "Sogea basi, umenilalia nywele."